Laki nne na nusu, Dell ya zamani na kadi ya jirani

Shikamoo Fundi,

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Nkuhungu hapa Dodoma kwa dada yangu na shemeji. Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi na kuchapa karibu na chuo. Mwaka jana ofisi moja ilibadilisha mashine zake, nikapata Dell OptiPlex 9020 kwa bei ya kutupwa. Ni ile CPU ndefu ya kusimama, siyo ile bapa. Ndani ina prosesa ya i5-4570, RAM ya GB 8 kipande kimoja, na hadi diski ya GB 500. Skrini ni Dell ya mraba, inchi 19, ya waya wa VGA. Kadi ya grafiki hakuna, natumia ile ya Intel iliyomo humohumo.

GTA V inafunguka, lakini nikishapanda gari na kukanyaga mafuta inastaki. Barabara inachelewa kujichora, nakuja kujua nimegonga nguzo baada ya kugonga. Mpira nacheza PES 2017 tu, tena nimeshusha kila kitu. Kuwaka kwenyewe ni kazi, dada anaweza kuiwasha akaenda kuoga akarudi bado inazunguka.

Sasa nina laki nne na nusu. Humo ndani laki mbili ni za dada, alinipa kwa sharti kwamba na yeye ataitumia kuandika utafiti wake, maana anasoma chuo jioni. Kuna jirani yangu, tumekua pamoja, anauza kadi ya RX 580 ya GB 8 kwa laki tatu na ishirini. Nimeiona kwake inawaka na inacheza vizuri. Fundi mmoja wa mjini akaniambia pawa saplai yangu haina waya wa kulisha kadi hiyo, ila kwa elfu kumi na tano ataniwekea kiunganishi kinachochukua umeme kwenye waya wa hadi diski. Jirani ananisukuma, anasema kuna mtu wa Area C anaitaka na mwisho ni Jumamosi.

Shemeji naye ameshaanza kusema kompyuta ya gemu itamaliza LUKU. Nifanyeje, Fundi? Au niuze kila kitu ninunue PlayStation ya mtumba yaishe?

Mchezaji wa Nkuhungu

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kadi ya jirani usiichukue. Nakuambia mapema kwa sababu Jumamosi haiko mbali na najua mtu akishashika hela mkononi anavyosoma barua.

Siyo kwamba kadi ni mbovu. RX 580 ilitoka mwaka 2017, na hadi leo inacheza gemu nyingi bila aibu. Shida iko kwenye boksi lako. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, angalia lebo iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Kwa 9020 ya kusimama utakuta wati 290. Sasa piga hesabu: prosesa yako inaweza kula wati 84, RX 580 wati 185, halafu mazabodi, diski, feni na vitu vya USB tuvipe wati 40 kwa pamoja. Tayari ni 309. Hapo hatujazungumzia kwamba pawa saplai yenyewe imefanya kazi ofisini miaka kadhaa kabla haijaja kwako.

Ila kilichonifanya nikujibu haraka ni kile kiunganishi cha elfu kumi na tano. Kadi ile ina tundu la pini nane, na tundu hilo limepangiwa kupitisha hadi wati 150. Kichwa cha waya wa SATA, kile chembamba kinacholisha hadi diski, pini zake za volti 12 zimepimwa kubeba ampia 4.5 kwa jumla. Zidisha: ni wati 54. Fundi akikufungia, mashine itawaka, Windows itafunguka, mtafurahi wote, atachukua hela yake ataondoka. Itawaka kwa sababu kadi ikiwa imetulia haili kitu. Ukiingia kwenye gemu zito ukakaa saa nzima, ndipo kile kichwa kinaanza kupata moto. Plastiki inabadilika rangi, inakuwa kahawia kwenye kona, unasikia harufu ambayo kwanza unadhani inatoka jikoni, kisha kichwa kinalainika na kugandana na tundu. Ukiwa na bahati, mashine inazima. Ukikosa bahati, utafiti wa dada yako uko kwenye diski iliyo kwenye waya huohuo.

Utasema basi ninunue pawa saplai kubwa. Inawezekana, lakini Dell kwenye 9020 hawakutumia kichwa cha pini 24 ambacho pawa saplai za kawaida zinacho. Mazabodi yako ina cha pini nane cha kwao wenyewe, kwa hiyo utahitaji na waya maalumu wa kubadilisha. Jumlisha kadi, pawa saplai ya maana na huo waya. Laki nne na nusu imeisha, mashine bado inawaka polepole vilevile na dada hajapata chochote kwa laki mbili zake.

Tuanze basi na dada, maana yeye ndiye mbia mkubwa hapa.

Kabla hujagusa kitu, nyaraka zake zote zinakiliwe sehemu mbili: kwenye flashi na kwenye barua pepe yake mwenyewe au hifadhi ya mtandaoni. Muulize pia tarehe ya kupeleka kazi kwa msimamizi, usije ukafungua mashine wiki hiyo. Ukishapata ruhusa, kitu cha kwanza kununua ni SSD ya SATA, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ile ya inchi 2.5. Hadi diski ya kuzunguka ya umri huo ikisoma vizuri sana ni MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na ikitafuta mafaili madogomadogo yaliyotawanyika inashuka vibaya. Windows ikiwaka kazi yake ni hiyohiyo, kutafuta mafaili madogomadogo. SSD ya SATA inafika MB 500 na ushee, na haina sindano ya kutembeza. Habari ya kuoga na kurudi itaisha siku hiyohiyo. Hadi diski usiitupe, iache ndani iwe ghala la muziki, picha na nakala ya tatu ya utafiti.

Ukubwa: ukipata GB 480 au 512 chukua, hata kama ni ya jina lisilovuma sana lakini yenye risiti na muda wa kurudisha. GB 256 itatosha Windows na gemu moja kubwa, basi, maana GTA V peke yake siku hizi inataka zaidi ya GB 100. Ukionyeshwa SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 256, rudisha mezani. Hizo zimechezewa zionyeshe namba kubwa, ukishajaza kidogo zinaanza kula mafaili. Ikiwa ni ya mtumba, mwombe muuzaji aichomeke na afungue programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure. Pale utaona imewaka saa ngapi na afya yake ni asilimia ngapi.

RAM ni rahisi. Tafuta kipande kingine cha GB 8, DDR3 au DDR3L ya 1600, ya kompyuta ya mezani. Vile vifupi ni vya laptopu, haviingii. Angalia pia usiuziwe RAM ya seva, zile za ECC zilizoandikwa Registered, zinakuwa rahisi kwa sababu hazifanyi kazi kwenye mashine kama yako. Vipande viwili vichomeke DIMM1 na DIMM2, majina yameandikwa kwenye mazabodi pembeni ya matundu. Sababu ya kukusisitizia viwili ni kwamba prosesa inasoma vyote kwa pamoja, na ile grafiki ya Intel unayotumia sasa haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM. Ukishaweka SSD na RAM, cheza kwanza siku chache kabla ya kununua kadi. PES 2017 inaweza kukushangaza.

Halafu kadi. Tundu refu la kadi kwenye mazabodi linatoa umeme hadi wati 75 bila waya wowote wa ziada. Humo ndimo tunamotakiwa kubaki. Ninayoitaka kwako ni GTX 1650 ya GB 4, iliyotoka 2019. Ikikushinda bei, shuka kwenye GTX 1050 Ti ya GB 4, ya 2016. Zote zimepangwa wati 75, lakini igeuze kadi uitazame ukingo wa juu kwa nyuma: kuna kampuni zimetengeneza aina hizohizo na tundu la pini sita. Yenye tundu, iache. Usikubali kuuziwa GT 730 kwa maneno kwamba "nayo ina GB 4". GB haziifanyi kadi dhaifu iwe na nguvu. Na GT 1030 kuna ya GDDR5 na kuna ya DDR4, hiyo ya pili ni nyonge mno, jina ni lilelile na boksi linafanana.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu 1050 Ti za bandia ni nyingi. Watu wanachukua kadi za kizazi cha 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, wanabadilisha programu ya ndani ili Windows isome jina jipya. Dalili ya kwanza unaiona kwa macho: tundu la VGA la bluu mgongoni. 1050 Ti halisi haina kawaida ya kuwa na VGA, Nvidia waliliacha tundu hilo kuanzia kizazi hicho. Dalili ya pili unaipata kwa programu ya GPU-Z, tangu 2018 inaweza kuzitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Nenda nayo kwenye flashi. Muuzaji anayekataa uichomeke flashi dakika tano amekujibu tayari.

Na hapo kwenye VGA ndipo skrini yako inapoingia. Kadi ya kweli itakuwa na HDMI, DVI au DisplayPort, wewe una waya wa VGA. Nunua kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye kisanduku kidogo chenye saketi ndani. Vile vichwa vya kugeuza DVI kuwa VGA bila saketi havitakusaidia. Usione haya kwa skrini hiyo ya mraba. Nyingi za inchi 19 za aina hiyo ni nukta 1280 kwa 1024, ambayo ni chini ya theluthi mbili ya nukta za skrini ya HD kamili. Kadi inachora kidogo, gemu inakimbia zaidi. Vijana wanaokimbilia skrini kubwa kabla ya kadi wanajitafutia taabu.

Mgawanyo wangu ni huu, na ni vikomo vya juu, ukipata chini ya hapo bakiza: SSD elfu themanini, RAM elfu thelathini na tano, kibadilishi elfu kumi na tano, brashi na pesti ya prosesa (ile ya kupitisha joto) elfu kumi, kadi laki mbili na nusu. Jumla laki tatu na tisini. Elfu sitini inayobaki isiguswe mpaka kadi imecheza wiki nzima bila kuzingua.

Dodoma mjini SSD na RAM utapata bila kuhangaika. Kadi huenda ukalazimika kuagiza Kariakoo. Ukiwa na ndugu anayepanda treni ya SGR kurudi Dodoma, mtume yeye aipokee mkononi baada ya kuiona inawaka, hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Ukilazimika kutumiwa kwa basi ukapokee stendi ya Nanenane, taka kwanza video: kadi ikiwa kwenye mashine, GPU-Z imefunguliwa, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo ikionekana pembeni. Namba ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa kwenye kadi iandikwe kwenye risiti pamoja na siku za kuirudisha. Maneno ya mdomo ya "ikizingua nirudishie" yanaishia Chalinze.

Matarajio yako yaweke sawa. Kwa GTA V ya mwaka 2015, watengenezaji walipendekeza i5-3470, RAM GB 8 na GTX 660 ya GB 2. Prosesa yako ni ya kizazi kinachofuata hiyo, na GTX 1650 inaiacha GTX 660 mbali. Kwa hiyo utacheza, tena vizuri. Machi 2025 lilitoka toleo lililoboreshwa ambalo ni zito zaidi, wewe chagua lile la zamani linaloitwa Legacy. Upande wa mpira, FC 24 wao wanaanzia i5-6600K na GTX 1050 Ti. Kadi utakuwa umefika, prosesa hujafika. Inaweza kukubali kwa kubana, lakini usitoe hela yako kwa ajili ya gemu hilo. Huko mbele ukikutana na i7-4770 imetolewa kwenye mashine ya ofisi, inaingia kwenye tundu hilohilo, inakula wati 84 zilezile, na ina nyuzi za kazi (threads) nane badala ya nne. Hiyo ni hela ya mwakani, siyo ya sasa.

Windows: Microsoft walifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, jiandikishe kwenye mipangilio ya masasisho. Dada mfungulie akaunti yake yenye nywila yake, na usipakue gemu za wizi zilizovunjwa (crack) kwenye mashine yenye utafiti wa mtu. Virusi vingi vya vijana wa gemu vinaingilia hapo.

Na vumbi! Hujaniandikia, lakini wewe uko Nkuhungu, na mimi najua upepo wa Dodoma wa kiangazi. Siku utakayofungua kuweka SSD, itoe mashine nje, piga brashi laini na bloa, ukishika feni kwa kidole isizunguke. Chini ya feni ya prosesa, katikati ya mapezi ya chuma, utakuta blanketi la vumbi limeshonana, toa hilo kwanza. Pesti ya zamani itakuwa imekauka kama chokaa. Futa kwa spiriti, weka tone dogo katikati, rudisha. Prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 inajipunguzia mwendo yenyewe, na wewe unailaumu gemu. Mashine isikae sakafuni. Na kile kitambaa cha kudariziwa ambacho nina hakika dada amekiweka juu yake kisiteremke mgongoni inapowaka, kwa sababu feni inatolea joto hapo.

Shemeji mpe hesabu, usimpe maneno. Mashine hiyo na kadi ya wati 75, ikiwa kwenye gemu zito, pamoja na skrini, ni kama wati 220. Uniti moja inakaa saa nne na nusu. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza uniti hiyo kwa saa moja. Mwambie utachangia uniti kadhaa kila mwezi na uchangie kweli, maneno yataisha.

PlayStation sahau. Huwezi kuandika sura ya tatu ya utafiti kwa pedi, na laki mbili siyo zako.

Jirani mwambie leo, usisubiri Jumamosi na usimkwepe njiani. Usianze kuikosoa kadi yake, mwambie: "Pawa saplai yangu ni wati 290 na haina waya wa pini nane, nikiifunga nitaiunguza." Ni kweli, na hakuna cha kubishia hapo. Akikwambia fundi atatengeneza, mwambie fundi aandike kwa mkono wake kwamba atalipa ikiungua. Mtu wa Area C, kama yupo, ataichukua.